Kinanda cha robo toni kinavuma na kupiga mluzi kikiwa kwenye umeme: nianzie wapi?

fundi_mlandege

Assalaam alaykum wataalamu. Naunda kinanda cha kupigia taarabu chenye vitufe vya robo toni, ili maqamu za rasti na bayati zitoke mahali pake. Ndani kuna ESP32 (kompyuta ndogo yenye WiFi inayoendesha kinanda), moduli ya PCM5102A inayotoa sauti, kioo cha OLED cha inchi 0.96, na aisii mbili za kukuza sauti za TL072 kwa ajili ya chujio la sauti na kutolea kwenye jeki. Umeme unatoka kwenye adapta ya 12V 2A, zile nyepesi za kamera za ulinzi. 12V inakwenda moja kwa moja kwenye TL072, na moduli ya LM2596 inaishusha kuwa 5V kwa ESP32, PCM5102A na kioo. Nukta ya kati ya 6V inayohitajiwa na TL072 naipata kwa rezista mbili za 10k. Sanduku ni la mninga, halina chuma ndani.

Kelele ziko namna tatu. Kuna mvumo mzito, unaozidi nikichomeka kwenye miksa ambayo laptopu nayo imechomekwa. Nikishika chuma cha jeki unapungua. Kuna mluzi mwembamba unaobadilika kila maandishi ya kioo yanapobadilika. Halafu kuna tik-tik-tik ya haraka, kama mara kumi kwa sekunde, hata bila kugusa kitufe.

Nimeongeza kapasita ya 4700µF kwenye 12V, mvumo haukusogea. Niongeze nyengine, au nitafute adapta kubwa zaidi?

bi_waya

Waalaykum salaam fundi. Usinunue kitu kwanza. Hizo ni kelele tatu zenye vyanzo vitatu, na ukizitibu kwa mkupuo hutajua kipi kimesaidia. Kapasita yako kubwa haikusogeza mvumo kwa sababu mvumo huo, kwa unavyoueleza, hauingii kwa njia ya 12V.

Tenganisha hivi. Kiondoe kinanda kwenye miksa, kisikilize kwa spika ya betri yenye tundu la AUX. Kiwashe kwa betri ya 12V 7Ah, zile za UPS, badala ya adapta. Weka fyuzi ya 1A kwenye waya chanya, karibu na betri. Betri ya asidi ikigusanishwa inaunguza waya kabla hujanyanyua mkono. Kelele yoyote utakayoisikia hapo imezaliwa ndani ya sanduku. Kisha rudisha adapta, miksa bado iko mbali: kilichoongezeka kimeletwa na adapta. Kisha miksa peke yake. Laptopu iwe ya mwisho. Kila hatua andika umesikia nini, maana sikio husahau upesi.

Ukiwa na programu ya simu inayochora masafa, itumie. Umeme wetu ni 50Hz. Mlingoti wa mchoro ukisimama kwenye 50, shuku mzingo wa graundi (nyaya za kurudishia umeme zilizofunga duara) au waya wa sauti unaodaka umeme wa ukutani. Ukisimama kwenye 100 na vizidisho vyake, 200, 300, basi ni umeme uliogeuzwa kwa diodi na haukulainishwa vya kutosha. Maikrofoni ya simu ni dhaifu kwenye 50Hz na spika ndogo ndiyo kabisa, kwa hivyo hapo tumia spika kubwa, na usihangaike na urefu wa mlingoti, soma namba yake tu.

Tik-tik nakwambia sasa hivi: WiFi. Ruta hutoa ishara yake kila milisekunde 102.4, yaani karibu mara kumi kwa sekunde, na ESP32 iliyounganishwa nayo huamka kuisikiliza. Ikiwa umeifanya ESP32 yenyewe kuwa ruta, ndiyo inayotuma kwa mwendo huohuo, na inapotuma huvuta hata 240mA kwa mshtuko mmoja kisha ikaachia. 5V inayumba, graundi inayumba, na TL072 inakupazia. Mwanzoni mwa programu weka WIFI_OFF na uzime Bluetooth kwa btStop. Ukiihitaji WiFi kwa kupakia programu mpya, iwashwe kwa kushikilia kitufe fulani wakati wa kuwasha kinanda, si wakati wote.

wete_saketi

Naongezea pale alipoishia Bi Waya, upande wa ndani ya sanduku.

Kwanza zile rezista mbili za 10k. Hazina kapasita, sivyo? Basi huo ni mlango ulio wazi. Uchafu wote ulioko kwenye 12V unagawanywa kwa mbili na kuingizwa kwenye sauti, kwa sababu TL072 inaihesabu nukta ya 6V kuwa ndiyo sifuri yake. Weka 100µF ya 16V au zaidi kutoka nukta hiyo hadi graundi. Rezista mbili zikitazamwa kutoka kwenye kapasita ni 5k, kwa hivyo chujio linaanza kukata kwenye 0.3Hz hivi, na kufikia 100Hz uchafu umepunguzwa zaidi ya mara 300. Kila ukiwasha utangoja kama sekunde mbili nukta ipande mpaka 6V. Hilo si tatizo. Ikiwa hatua nyingi za saketi zinategemea nukta moja, ipitishe kwenye nusu ya TL072 isiyo na kazi, iliyofungwa kama mfuasi: mguu wa kutokea uunganishwe na mguu hasi wa kuingilia. Kapasita kubwa ibaki upande wa kuingilia. Ukiiweka kwenye mguu wa kutokea, aisii itaanza kutetema yenyewe na utapata kelele ya nne.

Halafu umeme wa TL072 zenyewe. Usiupeleke moja kwa moja. Pitisha kwenye rezista ya 47Ω, kisha 470µF kwenda graundi. Aisii mbili ni vikuza sauti vinne, na kila kimoja hakivuti zaidi ya 2.5mA, kwa hivyo jumla ni 10mA na unapoteza chini ya nusu volti. Chujio hilo linakata kuanzia 7Hz. Hapo ndipo kapasita yako ya 4700µF ilipokwama: ilikuwa sambamba na adapta yenye upinzani mdogo sana, haina rezista wala koili mbele yake ya kuisaidia. Kapasita peke yake haichuji. Lazima umeme upite kwenye kizuizi kwanza. Ongeza 100nF ya keramiki kwenye kila TL072, kati ya mguu wa 8 na wa 4, isizidi sentimita moja kutoka kwenye miguu.

LM2596 halisi inakata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na hilo sikio halilisikii. Lakini nakala nyingi za bei rahisi zinakwenda karibu 50kHz, na mawimbi yanayobaki kwenye 5V ni makubwa zaidi. Adapta nayo ina ukataji wake. Ukataji wa aina mbili ukikutana, sikio linapata tofauti yake: moja ikiwa 65kHz na nyengine 62kHz, utasikia mluzi wa 3kHz ambao hauko kwenye adapta wala kwenye moduli. Baada ya LM2596 weka koili ya 100µH inayobeba 1A, kisha 470µF ya aina yenye upinzani mdogo wa ndani. Kapasita zilizochomolewa kwenye televisheni za zamani hazifai hapa. Kwenye mita zinasoma sawa, lakini upinzani wa ndani umeshapanda.

Kioo cha OLED kina pampu yake ya volti ndani, na kinavuta umeme kwa kadiri ya nukta zinazowaka. Ndiyo maana mluzi unafuata maandishi. Kipe 10Ω na 100µF vyake mwenyewe, karibu na kioo. Nyaya zake za data, SDA na SCL, zisilale sambamba na waya wa sauti. Zikibidi kukutana, zikatane kwa pembe mraba.

PCM5102A: geuza moduli utazame solda za nyuma. Mguu wa SCK uunganishwe na graundi ili moduli itengeneze saa yake yenyewe. Ukiachwa hewani unadaka kila kitu. Mguu wa XSMT, wa kunyamazisha sauti, uwe juu kwenye 3.3V, la sivyo sauti inafungwa. Sauti yake inacheza juu na chini ya sifuri, si ya 6V, kwa hivyo kabla ya TL072 lazima ipite kwenye kapasita; 1µF na rezista ya 100k kwenda kwenye nukta ya 6V vinatosha, besi yote inapita.

Na sasa jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote hayo: graundi umeifungaje? Ikiwa waya mmoja mwembamba unarudisha umeme wa ESP32 na huohuo ndio graundi ya jeki, hata ukiweka kapasita za ndoo nzima utabaki palepale. Piga hesabu: waya wenye 0.1Ω, ukipitisha 100mA, unazaa 10mV. Sauti yako ni kama 1V. Hiyo ni -40dB, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma anaisikia. Chagua nukta moja, mguu hasi wa tundu la adapta. Kutoka hapo toa waya mmoja kwa LM2596 na ESP32, mwengine kwa kioo, mwengine kwa PCM5102A, mwengine kwa TL072 na jeki. Wa kidijitali uwe mnene na mfupi. Nyaya hizi zisikutane tena popote isipokuwa kwenye nukta ile.

mkoani_transfoma

Mimi nasema tupa hiyo adapta. Transfoma ya 15-0-15 ya 500mA, diodi nne za 1N4007, 2200µF 35V kila upande, 7812 na 7912, unapata +12 na -12 safi, na ile nukta ya 6V huihitaji tena. TL072 inapenda hivyo.

Wengi wanachukua 12-0-12 kwa sababu ni rahisi kupatikana, kisha wanalalamika mvumo unakuja jioni. Sababu ni hii. 12V ya transfoma kwenye kilele ni 17V, toa 0.9 ya diodi, zinabaki 16. Umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 190V, zinabaki 13 tu. 7812 inataka angalau 14 ili ishike 12 yake. Ikizikosa inaachia, na 100Hz inapita mpaka kwenye spika. Ya 15-0-15 kwenye 190V hiyohiyo bado inakupa zaidi ya 16. Joto ni dogo: ukivuta 100mA na umeme wa ukutani ukiwa kamili, 7812 inachoma chini ya wati moja, bati dogo la kupozea linatosha.

Angalia miguu. 7812 ni kuingia, graundi, kutoka. 7912 ni graundi, kuingia, kutoka. Na bati la mgongoni la 7912 liko kwenye mguu wa kuingia, si graundi, kwa hivyo usizifunge zote mbili kwenye bati moja bila kipande cha maika na kiosha cha plastiki.

bi_waya

Hesabu yako ni sahihi kaka, na pale kwenye 12-0-12 umepagusa penye ugonjwa. Lakini kwa sanduku la mbao siungi mkono. Transfoma inatoa uga wa sumaku wa 50Hz, na mbao haiuzuii hata kidogo. Utaondoa mluzi ulete mvumo. Ukiamua transfoma, iwe kwenye sanduku lake la bati, lenye fyuzi upande wa 230V, mbali na kinanda kwa waya wa mita moja. Na tukumbuke kinanda hiki kinakwenda harusini: huko kuna siku umeme ni wa jenereta, siku nyengine betri na inveta. Mwenye 12V anachomeka popote.

Fundi, tupe majibu ya vipimo kwanza.

fundi_mlandege

Ahsanteni sana. Nimepima kwa utaratibu wa Bi Waya. WiFi imezimwa, tik-tik imekwisha kabisa. Kwenye betri: hakuna mvumo, mluzi upo. Kwenye adapta bila miksa: mluzi upo na mvumo mdogo, unaokatika nikigusa jeki. Kwenye miksa peke yake: mvumo ni mdogo zaidi kuliko kabla ya kuchomeka. Nikiweka laptopu ikiwa kwenye chaja: mvumo mkubwa pamoja na mkwaruzo ninapochezesha kipanya. Laptopu ikiwa kwenye betri yake: kimya.

Graundi nimetazama, ni waya mmoja kama alivyohisi ndugu wa Wete, umetoka LM2596 ukapita kwenye ESP32 ndipo ukafika jeki. Nitaufungua wote.

Swali: nimeambiwa nikate ethi ya plagi ya laptopu, na mwengine kasema ndani ya adapta kuna kapasita ndogo ya bluu, niing'oe mvumo utakwisha. Kweli?

bi_waya

La, yote mawili usifanye.

Ule mvumo unaokatika ukigusa jeki unatoka kwenye hiyo hiyo kapasita ya bluu. Inaunganisha upande wa 230V na upande wa 12V, kwa kawaida ni 1nF hadi 2.2nF, na imo kwa makusudi: inarudisha kelele za ukataji zisitoke nje. Kwa sababu yake, 12V yako haina mahali pa kushika na inaelea. Ukipima kati yake na ethi kwa mita ya kidijitali utakuta volti nyingi za AC, kama nusu ya umeme wa ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, 2.2nF kwenye 230V haupitishi zaidi ya 0.16mA hivi, ndio ule mwasho kwenye vidole. Ukiing'oa, mluzi utazidi. Na mtu akikubadilishia kapasita ya kawaida mahali pa ile ya daraja la Y, yaani ya usalama, siku ikipasuka kwa ndani utakuwa umeshika 230V kwenye jeki. Dawa ni kuipa graundi mahali pa kwenda, na miksa yenye ethi inafanya hivyo, ndiyo maana ulipochomeka miksa mvumo ulipungua.

Ethi ya plagi haikatwi, iwe ya laptopu iwe ya miksa. Mzingo unakatwa upande wa sauti. Laptopu na miksa zote zina ethi, na waya wa sauti kati yao unafunga duara. Umeme unaozunguka humo ndio mvumo, na mkwaruzo wa kipanya ni mahesabu ya laptopu yakipita njia hiyohiyo. Weka transfoma ya sauti ya 600Ω kwa 600Ω kati ya laptopu na miksa, moja kwa kila upande wa stirio. Zinauzwa zimeshafungwa kwenye kiboksi pamoja na jeki zake, kwa majina ya vizuia mvumo vya redio za gari. Vile vidogo vya bei ya chini vinapunguza besi kidogo. Kwa laptopu inayopiga midundo tu huenda usijali. Kinanda chako hakihitaji.

Kabla ya hayo pima soketi yenyewe. Moto kwa nyutro, kama 230. Moto kwa ethi, karibu hivyohivyo. Nyutro kwa ethi, volti chache tu. Ukipata volti nyingi kati ya nyutro na ethi, ethi hiyo ni jina tu, muite fundi umeme kabla hujaendelea. Majumba ya zamani ya Mji Mkongwe yana soketi nyingi za tundu tatu ambazo tundu la juu haliendi popote.

wete_saketi

Sanduku nalo. Mninga ni mzuri kwa macho lakini hauzuii kitu. Bandika karatasi ya aluminiamu ya jikoni ndani, chini na pande zote, vipande vipandiane sentimita mbili. Aluminiamu haishiki solda ya kawaida, kwa hivyo ibane kwa skrubu, nati na kiosha, kisha toa waya mmoja tu kwenda nukta ya graundi. Miili ya volyumu zote iguse karatasi hiyo. Sehemu yenye nyaya wazi weka kadibodi juu yake isije ikagusanisha. Waya wa kwenda kwenye jeki uwe ule wa sauti wenye wavu, na wavu ufungwe upande mmoja tu.

Na ukimaliza kusolda osha fluksi kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Kwa hewa yetu ya chumvi, fluksi iliyobaki inanyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo kidogo, khasa penye rezista za 100k na kuendelea. Mikwaruzo ya miezi michache baadaye, ambayo watu huidhania ni ya umeme, mara nyingi ni hiyo, au ni jeki iliyoota kutu ya kijani.

mkoani_transfoma

Haya, adapta ibaki. Nina moja la mwisho, na kwa kinanda cha robo toni ni muhimu: kelele ya umeme haiishii kwenye spika, inaingia pia kwenye sauti unayoipanga. Una volyumu au kitelezi cha kuvuta sauti juu na chini?

fundi_mlandege

Ninacho, kitelezi cha 10k, kinavuta oktavu nzima. Kweli sauti inatetemeka kidogo hata nikikiacha.

mkoani_transfoma

Ndiyo hivyo. ESP32 inasoma kitelezi kwa hatua 4096. Oktavu ni senti 1200 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti), kwa hivyo hatua moja ni 0.29 ya senti. Umeme mchafu unafanya usomaji uruke hatua 20 kwa urahisi, hiyo ni senti 6. Kwenye piano hakuna atakayejali. Kwenye rasti, sauti ya tatu ikiwa inatakiwa ikae kwenye senti 350 na inayumba sita, mpiga udi aliye pembeni yako atakukatia jicho.

Kitelezi kipewe 3.3V ya ESP32, si 5V. Weka 100nF kutoka mguu wa kati hadi graundi, karibu na ESP32. Tumia mguu kati ya GPIO 32 na 39, maana ADC (kisoma volti) ya pili ya ESP32 inagombana na WiFi siku utakayoiwasha. Soma mara 16 uchukue wastani, na programu ipuuze mabadiliko yasiyofika hatua 8. Kisha punguza masafa: kitelezi kikivuta toni moja badala ya oktavu, uleule mruko wa hatua 20 unabaki senti moja, na kwa mapambo ya taarabu toni moja inatosha.

fundi_mlandege

Nimeelewa. Naanza na graundi na kapasita ya 100µF, kisha koili ya LM2596, kisha karatasi ya aluminiamu. Koili ya 100µH ya 1A nisiyoipata hapa naweza kuichomoa kwenye nini?

wete_saketi

Pauasaplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa. Upande wa kutolea umeme, karibu na zile nyaya nyingi za rangi, kuna koili ndogo za rodi. Nyingi ni chini ya 10µH, zinafaa mbele ya LM2596 kuliko nyuma yake. Ile pete kubwa ya njano na nyeupe yenye nyaya kadhaa ndiyo unayoitaka: fungua nyaya zote, zungushia upya waya wa 0.5mm mizunguko 40, uipime kwa mita yenye kipimo cha koili. Ikizidi 100µH usipunguze, iache. Lakini pauasaplai hiyo ikae siku nzima bila umeme kabla ya kufungua, na ukifungua pima kwanza kapasita mbili kubwa za 200V. Zisome sifuri ndipo utie mkono.